Kuhama kazi ukiwa mhandisi wa famuwea: utaje mshahara wa kiasi gani?

Mimi ni mhandisi wa famuwea, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiendesha. Simu iliita nikiwa maabara, probu ya osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) mkononi. Aliyepiga alikuwa afisa ajira wa kampuni niliyokuwa nimeiombea kazi wiki mbili nyuma. Tukasalimiana, tukaongea kidogo kuhusu uzoefu wangu, kisha akauliza: "Unatarajia mshahara wa kiasi gani?" Sikuwa nimejiandaa. Nikachukua mshahara niliokuwa nao, nikauongezea asilimia 15 kichwani, nikautaja. Akajibu "Sawa kabisa" hata sijamaliza sentensi.

Miezi minane baadaye, nikiwa tayari mfanyakazi wao, nikaja kujua kwamba nafasi ile ilitengewa fedha nyingi kuliko nilizotaja, na kwamba mwenzangu niliyekaa naye meza moja, tukigawana kazi ileile, alinizidi mshahara kwa karibu robo. Hakuna aliyenidanganya. Niliulizwa bei, nikaitaja mwenyewe.

Iliniuma, na bado naikumbuka, kwa sababu ile asilimia 15 haikuhusiana na kazi hata kidogo. Ilizaliwa na mshahara wa zamani, na mshahara wa zamani ulizaliwa na ule wa kwanza kabisa, nilioupokea nikiwa sijui kusoma vizuri hata jedwali la rejista za chipu. Kosa la siku ya kwanza lilinifuata kwa miaka. Ndiyo maana naandika hatua hizi: ukiulizwa swali lile, jibu lako litoke kwenye kazi unayoifanya ndani ya kifaa na hasara inayompata mwenye kampuni kazi hiyo ikiharibika. Hati yako ya mshahara wa mwezi uliopita iache kabatini.

Kwenye mifano yote, mshahara wako wa msingi wa sasa kwa mwaka nauita 100. Ukiugeuza kuwa fedha yako, hesabu zitabaki vilevile.

Hatua ya 1: Jua unalipwa nini hasa sasa

Watu wengi hulinganisha mshahara wa msingi na mshahara wa msingi, na hapo ndipo wanapoumia. Toa hati zako za mshahara za miezi 12 iliyopita, uandike kila kinachoingia. Kwa bonasi, andika ulichopokea kweli. Mkataba unaosema "hadi asilimia 10" hauna maana ikiwa kwa miaka mitatu umepata wastani wa 6. Ongeza mchango wa mwajiri kwenye pensheni, bima ya afya, posho, na hisa zinazokuivia mwaka huu, yaani zile zinazogeuka kuwa mali yako kamili.

Tuseme msingi ni 100, bonasi 6, pensheni kutoka kwa mwajiri 8, hisa 10. Jumla 124. Sasa anakuja mtu na ofa ya 115, pensheni 5, hakuna bonasi wala hisa. Kwenye simu inasikika kama nyongeza ya asilimia 15. Ukijumlisha unapata 120. Umeshuka.

Halafu hesabu saa. Kazi yetu ina saa ambazo hazimo kwenye mkataba: wiki ambayo bodi za saketi za kwanza zimefika na hakuna hata moja inayowaka, safari ya kiwandani kwa sababu mashine ya kupima inakataa bodi tatu katika kila kumi, usiku wa kulinda jaribio la saa 72. Anayelipwa 100 kwa saa 40 za wiki lakini anafanya 48, mshahara wake wa saa moja umepungua kwa moja ya sita. Kazi mpya ikikupa msingi uleule na wiki ya kweli ya saa 40, umepandishwa mshahara, ingawa hakuna atakayeiita hivyo.

Hatua ya 2: Jipange ulipo

"Mhandisi wa famuwea" ni jina moja lililobeba kazi nyingi zisizofanana. Yupo anayeandika lugha ya C juu ya mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, yenye kilobaiti 32 za kumbukumbu, bila mfumo endeshi wowote. Yupo wa mifumo endeshi midogo kama FreeRTOS au Zephyr na redio ya Bluetooth. Yupo anayeamka na draiva za Linux (programu za kuendesha maunzi, yaani sehemu za kifaa zinazoshikika) na faili za kuelezea maunzi hayo, na bodi yake ina gigabaiti za kumbukumbu. Yupo wa udhibiti wa mota, ambaye intarapti yake (ishara ya kuikatiza programu ishughulikie jambo la haraka) ikichelewa mikrosekunde chache transista zinaungua. Yupo wa diski za SSD, na yupo wa modemu. Wote wanaitwa jina hilo, na mishahara yao haifanani kabisa.

Hata takwimu rasmi haziwatenganishi. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani, kwa mfano, ina kundi la watengenezaji wa programu na kundi la wahandisi wa maunzi ya kompyuta. Famuwea haina kundi lake. Ukisoma wastani wowote wa hapo unasoma kundi ambalo wewe umo kwa sehemu tu. Kwa hiyo wastani usikutishe wala usikupumbaze.

Kwa nilivyoona, kinachoamua mshahara kuliko miaka ya uzoefu ni kile kampuni inachouza. Kampuni inayouza kifaa cha bei ya chini, chenye faida nyembamba kwa kila kimoja, inaihesabu famuwea kama gharama ya kutengeneza kifaa: inabana senti kwenye chipu na inabana kwako vilevile. Kampuni inayouza chipu zenyewe, au vifaa vya vituo vya data, au huduma ya kila mwezi inayopita kwenye kifaa, inauona msimbo wako kama bidhaa. Ujuzi ni uleule, lakini mfuko wa kukulipa si uleule.

Jambo la pili ni gharama ya kukosea. Kwenye magari kuna kiwango cha ISO 26262, kwenye programu za vifaa vya tiba IEC 62304, kwenye ndege DO-178C. Mtu aliyewahi kupitisha msimbo kwenye mojawapo ya hivyo, akaandika ushahidi, akasimama mbele ya mkaguzi, ana kitu ambacho hakijifunzwi kwa wikiendi mbili. Kama umewahi, usikitupe mwisho wa wasifu wako kama mapambo. Kiweke juu.

La tatu ni usalama wa vifaa, na hapa wakati uko upande wetu. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2024/2847, inayohusu ustahimilivu wa bidhaa za kidijitali, ilianza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024. Wajibu wa kuripoti udhaifu unaoshambuliwa uliwekewa tarehe 11 Septemba 2026, na masharti yake makuu tarehe 11 Desemba 2027. Kwa sehemu kubwa inamhusu anayeuza kwenye soko la Ulaya kifaa chenye programu kinachounganishwa na mtandao au na kifaa kingine, hata kama kiwanda kiko bara jingine. Kampuni zilizozoea kuuza kifaa na kukisahau sasa zinahitaji watu wanaojua kufunga mlango wa kuwashia kifaa kwa sahihi ya kidijitali, kulinda funguo, na kusasisha vifaa vilivyokwisha kufika kwa wateja bila kuviua. Kama umewahi kuandika butloda, programu ya kwanza kuamka kifaa kikiwashwa, yenye nafasi mbili, inayorudi kwenye toleo la zamani sasisho likikwama katikati, sema hivyo mapema katika kila mazungumzo.

Hatua ya 3: Kusanya bei za soko kwa mikono yako

Tenga jioni tatu. Fungua jedwali lenye safu za jina la kazi, aina ya kifaa, ngazi, mahali, kiwango cha chini, kiwango cha juu, tarehe. Lengo ni matangazo 15 hadi 20 yanayofanana na kazi yako.

Mahali pazuri pa kuanzia ni pale sheria inapomlazimisha mwajiri kutaja fedha. Nchini Marekani, jimbo la Colorado linadai hivyo tangu tarehe 1 Januari 2021, California tangu tarehe 1 Januari 2023. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2023 la uwazi wa mishahara; nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao, na linamtaka mwajiri amweleze mwombaji kiwango cha mshahara kabla ya usaili. Wizara ya Kazi ya Marekani nayo huchapisha faili za maombi ya viza za kazi za H-1B zikiwa na jina la mwajiri, cheo na mshahara. Kumbuka hayo ni ya mshahara wa msingi tu, bila hisa wala bonasi. Tovuti kama Levels.fyi zinaonyesha na hisa, ila zimejaa kampuni kubwa zinazolipa vizuri. Usizichukue kuwa soko zima.

Hata kama huombi kazi huko, kuna kitu utakipata: uwiano. Chukua kampuni ileile, mji uleule, ngazi ileile, uangalie famuwea inasimama wapi ikilinganishwa na programu za wavuti au za seva. Uwiano husafiri vizuri kuliko fedha. Usichukue mshahara wa mji wa ghali ukaugeuza kwa bei ya kubadilishia fedha ukadhani umepata jibu.

Tangazo lenye pengo kubwa mno kati ya chini na juu mara nyingi limebeba ngazi mbili au tatu ndani yake. Soma maneno. "Utaongoza usanifu" ni ngazi tofauti na "utashiriki kuandika draiva." Nusu ya juu ya pengo kwa kawaida huachwa kwa mtu anayeifahamu kazi hiyo tangu siku ya kwanza.

Kisha uliza watu. Swali la "wewe unalipwa ngapi?" linamfunga mtu mdomo. Ninalolitumia ni hili: "Mtu wa ngazi yangu akienda hapo kwenu, akiulizwa, ataje kati ya ngapi na ngapi bila kuchekwa?" Sijawahi kunyimwa jibu. Anayejibu hajafichua siri yake, na wewe umepata ulichotaka.

Hatua ya 4: Andika ushahidi

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke, maana ndiyo inayobeba nyingine zote. Famuwea nzuri haionekani. Kifaa kikifanya kazi hakuna anayekuuliza kitu. Kikizima, jina lako linatajwa kwenye kikao. Mtu wa programu za simu ana skrini ya kuonyesha. Wewe una taa moja ya kijani. Lazima uiandike kazi yako kwa namba, kwa sababu hakuna mwingine atakayeiandika.

Nikuonyeshe moja ya kwangu. Tulikuwa na kihisi kidogo kinachotumia betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3, yenye takribani miliampea-saa 225. Kwa hesabu za karatasi za chipu, kikiwa usingizini kilipaswa kula mikroampea 6. Kipimo kilisoma 36. Mikroampea 30 zilikuwa zinapotea, na hakuna aliyejua zinaenda wapi.

Nilikaa na mchoro wa saketi siku nzima nikifuata pini moja baada ya nyingine. Mwishoni nikaikuta: pini iliyokuwa na rezista ya kilo-om 100 ikiivuta juu kwenye volti 3, na msimbo wetu, kabla ya kulala, ulikuwa unaishusha pini hiyohiyo hadi sifuri. Gawanya volti 3 kwa om 100,000: mikroampea 30 kamili. Rezista inavuta juu, msimbo unavuta chini, na betri inalipia ugomvi wao usiku na mchana. Dawa ilikuwa mstari mmoja: kabla ya kulala, geuza pini iwe ya kupokea.

Sasa hesabu. Miliampea-saa 225 gawanya kwa miliampea 0.036 ni saa 6,250, kama miezi minane na nusu. Gawanya kwa 0.006, unapata saa 37,500, zaidi ya miaka minne. Kwenye kifaa halisi redio ikiamka inakula sehemu yake na betri yenyewe hupungua kwa umri, lakini tofauti inabaki kubwa. Na kama vifaa 20,000 vya aina hiyo vimefungwa juu ya kuta za majengo, kila betri inayokufa ina fundi anayebeba ngazi.

Kwenye wasifu wangu wa zamani kazi hiyo iliandikwa hivi: "Niliboresha matumizi ya nishati." Maneno manne yasiyo na uzito. Siku hizi imeandikwa hivi: "Nilishusha umeme wa usingizini kutoka mikroampea 36 hadi 6, makadirio ya muda wa betri yakatoka miezi 8 yakapita miaka 4, bila kubadili maunzi." Maneno "bila kubadili maunzi" yana thamani kubwa, kwa sababu kila mwenye kampuni anajua kuchora bodi upya kunagharimu nini.

Tafuta tatu au nne za namna hiyo. Labda ulihamisha msimbo kwenye mikrokontrola nyingine wakati wa uhaba wa chipu wa 2020 hadi 2022, uzalishaji ukaendelea. Labda ulipunguza muda wa kupima bodi moja kiwandani kutoka sekunde 90 hadi 35. Labda ulikamata hitilafu ya rafu ya kumbukumbu kufurika iliyokuwa inatokea mara moja kwa wiki. Kwa kila moja andika hali ilivyokuwa, ulichofanya, namba ya kabla na ya baada, na nani alinufaika. Usitaje majina ya bidhaa ambazo hazijatoka, wala usichukue mchoro au msimbo wa mwajiri wako. Anayekusaili akiona unatoa siri za wengine, anajua kesho utatoa zake.

Jambo moja kuhusu wakati: ukiweza, hama baada ya kifaa kuingia sokoni. "Nilikuwa kwenye mradi" na "kifaa kimetoka, kinauzwa" ni bei mbili tofauti.

Hatua ya 5: Weka namba, kwa maandishi, kabla ya simu yoyote

Unahitaji sakafu, lengo, na namba ya kutaja.

Sakafu ni pale ambapo ukipewa pungufu unabaki ulipo bila kinyongo. Iweke juu ya jumla yako ya sasa, kwa sababu kuhama kuna gharama yake: kipindi cha majaribio, sifa unayoijenga upya, bonasi ya mwaka unayoiacha. Mimi binafsi sihami kwa nyongeza ya jumla iliyo chini ya asilimia 10, isipokuwa kazi yenyewe ina kitu ninachotaka kujifunza au nakimbia mahali panaponiumiza.

Lengo linatoka kwenye jedwali lako. Tuseme matangazo yako 18 yanaanzia 105 hadi 150 kwa mshahara wa msingi, na yale yanayofanana kweli na kazi yako yako kati ya 120 na 145. Ushahidi wako ukiwa mzuri, lengo la 132 ni la haki. Namba ya kutaja iwe juu kidogo, tuseme 140, ndani ya mipaka ya soko, ili pawe na nafasi ya kushuka. Sakafu ya msingi iwe 118, kama marupurupu yanalingana na ya sasa; jumla itakuwa 142, juu ya 124 ya sasa. Yakiwa hafifu, ipande.

Itamke namba hiyo kwa sauti, ukiwa peke yako, mara kumi. Sauti inayotetemeka husikika kwenye simu.

Hatua ya 6: Swali lenyewe

Likija mapema, kabla hujaielewa kazi, lirudishe kwa heshima. Mazungumzo huenda hivi:

"Unatarajia mshahara wa kiasi gani?"

"Ningependa kwanza nielewe uzito wa kazi. Nafasi hii imetengewa kiasi gani, kutoka chini hadi juu?"

"Kwa sasa sina ruhusa ya kutaja, itategemea usaili."

"Nimekuelewa. Kwa kazi kama mlivyoieleza, ya redio na kusasisha vifaa vilivyoko kwa wateja, soko ninaloliona liko kati ya 132 na 145, na mimi naangalia 140. Kama bajeti yenu iko mbali na hapo, ni vizuri tujue sasa, tusipotezeane muda."

Ona kilichofanyika. Namba ya chini kabisa aliyoisikia ndiyo lengo lako. Watu husikia mwanzo wa pengo, kwa hiyo usiweke sakafu yako hapo. Na umetaja sababu inayotokana na kazi yao, hukutaja shida zako wala kodi ya nyumba.

Akiuliza unalipwa ngapi sasa, jibu langu ni: "Kazi ile na hii zinatofautiana, ningependa tuzungumzie thamani ya hii." California ilimkataza mwajiri kuuliza swali hilo tangu 2018, na agizo la Ulaya linalikataza pia. Pale linaporuhusiwa, unaweza kukataa kujibu, lakini usiseme uongo. Hati za mshahara huombwa, na ofa huondolewa.

Hatua ya 7: Wewe pia saili

Kuna swali moja ambalo likijibiwa vizuri linaokoa miaka: "Wahandisi wa famuwea wako kwenye ngazi zilezile za mishahara na wahandisi wengine wa programu?" Kampuni nyingi zina ngazi mbili, moja ya programu na moja ya maunzi, na famuwea hujikuta kwenye ile inayolipa kidogo kwa sababu tu meza yake ina chuma cha kulehemu. Ukiingia upande huo, kila nyongeza ya mwaka itahesabiwa upande huo. Kama bado hujapewa ofa, una haki ya kuuliza kama ngazi yako inaweza kuwekwa upande wa pili. Hilo mara nyingi lina faida kubwa kuliko kubishania asilimia tano.

Uliza pia wako wangapi kwa bidhaa ngapi. Watu wawili kwa bidhaa saba ni jibu tosha kuhusu saa zako. Uliza kifaa kikikwama kwa mteja saa nane usiku nani anaamshwa na analipwaje. Uliza kama ngazi ya kiufundi inapanda hadi juu, au lazima uwe meneja ndipo mshahara usogee.

Hatua ya 8: Soma ofa mstari kwa mstari

Hisa kwanza. Mpango unaoonekana sana ni wa miaka minne, na mwaka wa kwanza ukiwa kizingiti: ukiondoka mwezi wa 11 huna kitu. Wakikuambia "hisa za 80," gawanya kwa nne, una 20 kwa mwaka, tena kwa bei ya leo. Kama kampuni haijaingia soko la hisa na wanachokupa ni haki ya kununua hisa baadaye, mimi naihesabu sifuri kwenye bajeti ya nyumbani. Ikizaa, shukuru. Uliza idadi ya hisa zote za kampuni, kwa sababu hisa 10,000 bila kujua ni kati ya ngapi hazina maana yoyote.

Bonasi ya kuanzia kazi mara nyingi ina sharti la kurudishwa ukiondoka kabla ya mwaka au miwili. Soma kama utarudisha yote au kwa kadiri ya miezi iliyobaki. Soma kifungu cha ubunifu: vipo vinavyodai kila msimbo unaouandika, hata wa usiku nyumbani kwako. Kama unachangia programu huria, omba kazi hizo zitajwe kama zisizohusika. Kama utafanya kazi kwa mbali, osiloskopu na vifaa vya kupimia vinunuliwe na nani? Hilo liandikwe.

Ofa ikiwa ya mkataba wa siku badala ya ajira, gawanya kwa namna tofauti. Mwaka una siku za kazi kama 260, lakini ukiondoa likizo, sikukuu, magonjwa na mapengo kati ya miradi, panga kulipwa siku 200. Bima na pensheni unajilipia mwenyewe. Zikikugharimu 20, unahitaji 120 kugawanya kwa 200, yaani 0.6 kwa siku. Anayegawanya 100 kwa 260 anapata 0.38, na anajiuza kwa theluthi mbili ya bei.

Hatua ya 9: Omba mara moja, kisha nyamaza

Ofa ikija, shukuru, omba siku mbili, usijibu papo hapo. Kisha andika barua pepe fupi: kazi unaitaka, umeangalia ofa yote, na kwa sababu ya jambo moja au mawili ya ushahidi wako unaomba msingi uwe 138 badala ya 128. Ombi moja, lenye namba moja. Likikataliwa, uliza kama ngazi, bonasi ya kuanzia au siku za likizo zinaweza kusogea. Sijawahi kuona ofa ikiondolewa kwa sababu mtu aliomba kwa adabu. Nimeona ikisogea mara nyingi.

Mwajiri wako wa sasa anaweza kukupandishia ukiaga. Pima kwa makini. Kama sababu ya kuondoka ilikuwa fedha tu, inaweza kufaa. Kama ilikuwa bidhaa saba na watu wawili, bidhaa zitabaki saba.

Usikabidhi notisi kabla mkataba haujasainiwa pande zote mbili, ukiwa na kila ahadi ya mdomo ndani yake. Na kabla ya kuandika tarehe ya mwisho wa kazi, fungua kalenda uangalie hisa zako zinaiva lini na bonasi inalipwa lini. Kama zimebaki wiki tatu, mwombe mwajiri mpya uanze mwezi unaofuata. Amesubiri miezi kumpata mhandisi anayejua kusoma mchoro wa saketi. Wiki tatu nyingine ataziweza.